Poda ya Mjane

Leodegar Kamugisha aliporudi kutoka Uingereza, watu walimuuliza swali moja, na kila aliyeliuliza alikuwa ameshaandaa uso wa kustaajabu. "Haya bwana, tuambie, umesomea nini huko?" Wenzake waliomtangulia Ulaya walikuwa na majibu ya kujaza mdomo. Huyu daktari, yule mwanasheria, yule mwingine anakuja kuwafundisha walimu. Leodegar yeye alikohoa kwanza, akatazama ncha za viatu vyake, ndipo akasema, "Nimesomea soko."

Soko! Hebu fikiria mwenyewe. Mtu kapanda meli, kakaa baridini miaka yote ile, kala viazi visivyo na chumvi, karudi na cheti cha chuo kikuu chenye lakiri nyekundu, halafu anasema kasomea soko. Watu wa Buguruni, ambao soko wanaliona kila asubuhi wakifungua dirisha, walimtazama kwa huruma. "Soko lipi, kaka? La Kariakoo au hili letu?" Mmoja alimuuliza kama huko Ulaya nyanya nazo zinapangwa mafungu, na wala hakuwa anatania.

Alijaribu kueleza. Alisema ni elimu ya kujua mtu anataka nini kabla mwenyewe hajajijua. Alisema waliosoma elimu hiyo wanakuwa mameneja wa mauzo, watunzi wa matangazo, washauri wa viwanda, watu wa kupita mtaa kwa mtaa wakiwauliza akina mama wanafulia nini na kwa nini, nao wana ofisi zao na motokaa zao. Wapi! Maneno yaliingia sikio hili yakatokea lile. Na kule kwao Bukoba ndiko kulikomuuma zaidi. Baba yake, Mzee Romani, alikuwa ameuza kahawa yake na kuwapigia magoti ndugu zake wamchangie mtoto. Siku ya sherehe ya kumpokea, alipotakiwa kuwaambia wageni mwanawe kasomea nini, mzee alisitasita, akasema, "Mambo ya serikali." Leodegar alikuwa amekaa pale pale. Baba mzazi kamwonea aibu mbele ya ukoo! Hakuna aliyemtazama mwenzake machoni mpaka wageni walipoondoka.

Kwa hiyo aliporudi Dar es Salaam alikuwa na kiu moja tu, cheo cha kuwafumba watu midomo. Kampuni iliyomwajiri ilikuwa ya Waingereza, ikileta sabuni, mafuta ya nywele na poda moja ya kunukia iliyoitwa Poda ya Zuhura. Ndani ya kampuni ile palikuwa na nafasi ya mkuu wa soko la Waafrika, yenye ofisi, karani na gari, na hakuna Mwafrika hata mmoja aliyewahi kuikalia. Meneja wake, Bwana Harvey, mzungu mwekundu mwepesi wa kucheka, alimwambia waziwazi: "Poda hii haiingii Uswahilini. Iingize wewe, na nafasi ni yako."

Na kweli ilikuwa haiingii. Wauzaji wa kampuni walikuwa wakiishia barazani. Mwanamume mgeni haingii nyumba za watu, na wanawake wa nyumba zile hawaendi dukani wenyewe. Humtuma mtu, na anayetumwa hununua kile kile alichozoea kununua. Leodegar aliwaza siku nyingi. Chuoni alifundishwa kwamba usihangaike na mnunuzi mmoja mmoja. Tafuta wanapokusanyika, halafu tafuta ni nani wanayemwamini. Akitoa huyo, wote watapokea.

Na wanawake wa Buguruni walimwamini nani, kama si Bi Wahiba?

Hapa lazima nieleze Bi Wahiba alikuwa nani kwa huyu bwana, ili mtu asije akasema labda hawakuwa wakijuana. Alikuwa mke wa Mzee Aidarus, Mwarabu mwenye duka la nafaka karibu na njia panda ya Buguruni, watu wa zamani pale. Leodegar alipokwenda Uingereza alimwacha mkewe, Kokushubila, na mimba changa, kwenye chumba cha uani kwa Mzee Aidarus. Msichana wa kutoka bara, Kiswahili chenyewe cha kuokoteza, hana mama wala shangazi katika mji mzima. Bi Wahiba alimchukua akamfanya mwanawe. Alimfundisha kupika wali wa nazi, alimkanda mgongo, na uchungu ulipomshika ndiye aliyemshika mkono mpaka mtoto akatoka, ndiye Jovina. Hakumwambia abadili dini yake hata siku moja. Jumapili alimwamsha mwenyewe, "Amka mwanangu, kengele ya kanisani kwenu imelia." Leodegar aliporudi na kuhamishia familia Temeke, Kokushubila aliendelea kwenda kwa mama yake huyo karibu kila siku, na Leodegar mwenyewe alimwita Mama.

Basi Mzee Aidarus akafariki, na Bi Wahiba akaingia eda. Kokushubila ndiye aliyemweleza mumewe, jioni moja wakila. Alisema kwa Waislamu mwanamke aliyefiwa na mumewe anakaa ndani ya nyumba ile ile ya mume, miezi minne na siku kumi. Haonekani na wanaume wa kando, hajipambi, hagusi manukato ya aina yoyote. "Hata sabuni ya harufu hataki," alisema Kokushubila. "Anaogea ile ya mche. Mie nilikwenda nimepaka mafuta ya kunukia kidogo tu, nikaona aibu mwenyewe, nikaenda kunawa uani."

Mtu mwingine angesema maskini, akaendelea kula. Leodegar aliacha tonge mkononi. "Na wageni wanakuja wengi?"

"Wanajaa. Kila alasiri wanawake wa Buguruni nzima wako pale kumliwaza. Na arobaini ikifika ndiyo usiseme."

Nadhani mmeshaona anakokwenda. Kokushubila aliona pia, maana alimjua mumewe. Leodegar alipoanza kusema kwamba kampuni inaweza kuwapa wale wageni makopo madogo ya poda, zawadi tu, na mkewe ayapeleke kwa vile ni mtoto wa nyumba, Kokushubila aliweka bakuli chini.

"Poda? Kwenye nyumba ya eda? Baba Jovina, umenisikia nilichokwambia sasa hivi?"

"Si ya Mama. Ya wageni."

"Sipeleki. Na wewe usipeleke. Utamvua nguo mama wa watu."

Alisema hivyo, na Leodegar alisikia. Naomba hilo lieleweke, kwa sababu mambo yote yanakuja kusimama hapo. Mkewe alimwambia kwa Kiswahili cha wazi, wote wawili wakiwa wamekaa kwenye mkeka mmoja.

Siku ya hitima ya arobaini, Leodegar alivaa suti nyeusi akaenda na wanaume. Alikuwa ametuma mapema, kwa mkokoteni, gunia la mchele na sukari, mchango wa mtoto wa nyumba, na kila mtu alimsifu. Chini ya lile gunia palikuwa na sanduku. Mkokoteni ulikuwa umeshafika uani kwa nyuma, walikokuwa wapishi, naye akaufuata huko. Msimamizi wao alikuwa Mwanakombo, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Kokushubila alikuwa ndani na Bi Wahiba.

"Shikamoo, Bi Mwanakombo."

"Marahaba, Mzungu wetu. Na hili sanduku?"

"Vikopo vya poda. Wageni wa kike wakitoka, kila mmoja na kikopo chake."

Mwanakombo alikifungua kimoja, akanusa, akafumba macho. Halafu akauliza swali ambalo mpishi yeyote mwenye akili angeliuliza. "Vinatoka kwa nani?"

Jamani, alikuwa na nafasi ya kusema "kwangu." Neno moja, dogo kuliko kikopo chenyewe. Lakini kichwani mwake mwalimu wa chuo alikuwa akizungumza: zawadi ya mfanyabiashara watu huitilia shaka, zawadi ya wanayemwamini huipeleka nyumbani. Leodegar akatabasamu, akasema, "Vya nyumba hii."

"Haya," alisema Mwanakombo. "Bi mkubwa kawatunza wageni wake." Na ndivyo alivyowaambia wanawake mmoja mmoja walipokuwa wakitoka jioni ile, wakiwa wameshiba pilau na kulia vya kutosha: chukua mama, Bi Wahiba kakutunza.

Haikupita wiki mbili. Wenye maduka wa Buguruni waliokuwa wakiiacha Poda ya Zuhura ipigwe na vumbi walianza kuagiza, kisha wakaagiza tena. Ikaja Ilala, ikaja Temeke, ikavuka hadi Kinondoni. Leodegar alipita madukani kwa baiskeli akiwa na moyo mkunjufu kama bwana harusi. Kwenye duka moja alimkuta binti aliyetumwa, naye akasema kwa haraka bila kuangalia kopo, "Nipe poda ya mjane."

"Poda gani?" aliuliza Leodegar.

"Poda ya mjane," mwenye duka alimjibu, akicheka. "Ndilo jina lake sasa. Hiyo nyingine nani anaijua?"

Leodegar naye alicheka. Ndiyo, alicheka! Bidhaa ikipewa jina na wanunuzi wenyewe, chuoni waliita hilo ushindi. Akapiga baiskeli moja kwa moja hadi mjini, akamweleza Bwana Harvey. Mzungu alisimama, akaja upande huu wa meza, akampiga bega. Nafasi ni yako, alisema, barua itatoka mwisho wa mwezi. Kisha akauliza, "Na maana yake nini, mjane?"

Leodegar akaanza kumweleza kwa Kiingereza. Ni mwanamke aliyefiwa na mume, akasema. Mwanamke huyu amekaa ndani, haruhusiwi kujipamba wala kujitia harufu, na watu wanasema kwamba yeye... Hapo ulimi ukakwama. Wanasema kwamba yeye ndiye aliyegawa poda. Katikati ya eda yake. Alipolisema kwa lugha ya kigeni ndipo alipolisikia.

"Jambo la ajabu!" alisema Bwana Harvey. "Tulichape kwenye makopo mapya. Unaonaje?"

Leodegar akasema, "Ndiyo, bwana." Mdomo ulishazoea kusema hivyo.

Alipofika nyumbani Temeke alimkuta Kokushubila amekaa kizingitini, mtoto amelala mapajani, macho mekundu. Hakumkaribisha. Alisema tu, "Umefurahi?"

Akamweleza yote, bila kupaza sauti. Wanawake wameacha kwenda kwa Bi Wahiba. Kwanza walipungua, kisha wakakatika. Kisimani na uani hadithi ni moja: mjane wa Aidarus hata kaburi halijakauka, anagawa poda za kunukia, ameshapata bwana mwingine. Wengine wamemtajia na jina la huyo bwana. Mashemeji wamesikia. Bwana Sultan, mdogo wa marehemu, amekuja juu, anasema nyumba ya kaka yake haitageuzwa danguro. Anataka atolewe apelekwe kwa ndugu zake Mbweni, eda ikamalizikie huko.

"Atolewe kabla ya eda kuisha," alisema Kokushubila. "Unajua hiyo ni nini kwao? Ni kama kumwandika usoni kwamba ni kweli. Hatainua kichwa tena mpaka anakufa. Ijumaa baada ya sala wanakaa barazani kuamua. Na Mama analia, anasema, mie hata hiyo poda sijaiona."

"Umewaambia ni mimi?"

"Nimewaambia wakungoje Ijumaa. Utasema mwenyewe."

Hakulala naye chumba kimoja siku zile. Alitandika kwa mtoto.

Ijumaa Leodegar alikwenda. Nampa haki yake, alikwenda, ingawa kutoka Temeke hadi Buguruni alisukuma baiskeli badala ya kuipanda. Barazani aliwakuta wanaume sita au saba. Bwana Sultan alikuwa katikati, kanzu nyeupe, ndevu zilizochanwa vizuri, uso umefungwa. Pembeni yake alikaa Maalim Hija, mwalimu wa madrasa, mzee mwembamba mpole. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi, na pazia la rangi ya kijani limeshushwa. Nyuma ya pazia lile alikuwa Bi Wahiba, asiyeweza kuonekana, na Kokushubila kando yake.

Leodegar aliamkia, akakataa kiti. Akasema, "Ile poda ni mie niliyeileta. Mama hakuagiza, hakugawa, wala hakujua. Niliwaambia wapishi ni ya nyumba hii. Nilisema uongo ili poda ya kampuni yangu ipate kujulikana."

Mtu mmoja alisema "Lahaula!" kwa sauti ya chini. Bwana Sultan alimtazama, na hasira yake ikawa inahama taratibu kutoka kwa shemeji yake kuja kwa huyu aliyesimama na suti.

"Wewe," alisema, "kaka yangu alikuhifadhia mke. Mtoto wako kazaliwa humu. Umekula humu. Kitu kimoja tu nataka kujua, halafu nitajua cha kukufanya. Ulijua? Ulijua kwamba mwanamke wa eda haguswi na manukato, ukafanya kusudi? Au hukujua?"

Basi, hilo ndilo swali. Leodegar alifungua mdomo. Alikuwa amejipanga njia nzima, na mpaka leo anaapa moyoni kwamba alikuwa akienda kusema ndiyo, nilijua. Lakini sauti ilitoka nyuma ya pazia, ya utulivu, iliyochoka kidogo.

"Hakujua, Sultan."

Wanaume wote waligeuza nyuso, kisha wakazirudisha chini kwa heshima.

"Mtu wa bara huyu, tena Mkristo," aliendelea Bi Wahiba. "Hizi mila zetu nani alimfundisha? Mume wangu alimpenda akiwa kijana, akaenda zake Ulaya, karudi jana. Mgeni akikosea njia si anaonyeshwa? Muulize mwenyewe. Mwanangu Leodegar, waambie. Hukujua."

Mlango huo! Umefunguliwa mbele yake, mpana, wa heshima, na aliyeufungua ndiye mwenye kudhulumiwa. Angepita tu. Lakini nyuma ya pazia lile lile alikuwapo mtu mmoja aliyejua, aliyeweka bakuli chini na kumwambia utamvua nguo mama wa watu. Leodegar alilitazama pazia. Halikutikisika.

"Sikujua," alisema.

Bwana Sultan alipumua. Maalim Hija akasema basi, asiyejua anasamehewa, na kilichobaki ni kuwarudi walioeneza uvumi, atalisemea msikitini yeye mwenyewe. Sultan akainuka, akasogea karibu na pazia, akamwomba shemeji yake radhi mbele ya watu wote, akasema atakaa nyumbani kwake mpaka amalize eda, na baada ya eda, na asiguswe na mtu. Kisha, na hapa ndipo Leodegar alipotamani ardhi ipasuke, Sultan alimshika mkono akamkalisha kwenye mkeka, akaagiza kahawa na halua. "Usione haya sana," alimwambia. "Sote tunakosea. Umekuja mwenyewe kusema. Wangapi wangekuja?" Wenzake wakaitikia, kweli, ni mwanamume huyu. Halua ilimkaa kinywani akaigeuzageuza, haikushuka, mpaka alipoisukuma kwa kahawa ya moto iliyomchoma koo, na alishukuru kwa ule mchomo.

Kokushubila alitoka kwa mlango wa uani na Jovina mgongoni, mkubwa wa kutembea lakini amelala. Walitembea hadi walipopita nyumba za mwisho za Buguruni, pale njia inapoingia kwenye mihogo.

"Nilitaka kusema kweli," alisema Leodegar. "Mama ndiye aliyeniwahi. Hakujua kuwa ulikuwa umeniambia."

"Alijua."

Alisimama. "Alijua nini?"

"Kwamba nilikwambia. Juzi aliniuliza, akanishika kidevu nimtazame. Sikuweza kumdanganya, Baba Jovina. Nilimwambia kila kitu, mpaka na lile bakuli. Nikafikiri atanifukuza. Halafu akasema, mumeo akiumbuka barazani, na wewe umeumbuka, na huyu niliyempokea kwa mikono yangu ataitwa mtoto wa nani? Akasema niache, nitajua la kusema."

Mwanamke aliyemchafulia jina alikuwa amekaa nyuma ya pazia, ndani ya eda yake, na mbele ya mashemeji na mwalimu wa dini akasema uongo kwa ajili yake. Naye aliudaka, mikono miwili. Aliigeuza baiskeli.

"Narudi. Nawaambia kweli."

"Uwaambie nini?" Kokushubila alipaza sauti kwa mara ya kwanza. "Kwamba Bi Wahiba mwongo? Leo hii, baada ya Sultan kumwomba radhi? Watamwamini tena kwa lipi? Hiyo ndiyo shukrani yako?" Alimweka mtoto sawa mgongoni. "Huwezi kurudi. Ulikuwa na nafasi pale barazani, ukaila. Sasa kaa nayo."

Akatangulia. Leodegar alimfuata akisukuma baiskeli, na kila alipofikiri mtu wa kumwambia, alikuta hawezi kumwambia. Sultan hapana. Maalim hapana. Bi Wahiba anajua, na amemkataza kwa wema wake asiseme. Mkewe hataki kusikia. Baba yake, yule wa mambo ya serikali, Mungu apishe mbali.

Lilibaki lile jina kwenye makopo mapya. Hilo angalau lilikuwa mkononi mwake. Jumatatu asubuhi alikuwa mlangoni kwa Bwana Harvey kabla karani hajafika, na mzungu alipokuja, Leodegar alimwambia kila kitu akiwa amesimama. Alimwambia kuhusu eda, onyo la mkewe, sanduku chini ya mchele, alichomjibu mpishi, uvumi, mwanamke alivyokaribia kufukuzwa nyumbani kwake. Hakujipunguzia hata kidogo. Alisema kwa ukali, kana kwamba anamshtaki mtu mwingine, na alipomaliza shati lilikuwa limemganda mgongoni. Akasema jina lile lisichapwe. Akasema, kama ni kumfukuza, amfukuze, ataelewa. Kusema kweli alikuwa akiomba afukuzwe.

Bwana Harvey alimsikiliza mpaka mwisho, kiko kimezimika mdomoni. Kisha akatikisa kichwa taratibu, na uso wake ukafunguka.

"Chini ya mchele," alisema. "Na ukasema ni ya nyumba! Kamugisha, nimefanya kazi hii tangu ujana wangu, sijasikia uuzaji mzuri kama huo."

"Bwana, hukunielewa. Ninasema nilifanya vibaya."

"Nimekuelewa. Una moyo mwema, inapendeza. Na jina hatulichapi, kama linakuudhi." Aliwasha kiko. "Hatuna haja. Watu wanalitangaza wenyewe, bure."

Na ni kweli. Asubuhi ile ile, akija kazini, alikuwa amelisikia mara mbili njiani, kwa wanawake ambao hawakujua Bi Wahiba ni nani wala Buguruni iko upande gani. Maalim angesema msikitini mpaka sauti ikauke, nayo poda ingeendelea kuitwa hivyo hivyo.

Bwana Harvey alivuta droo, akamsogezea barua ya kazi, iliyotiwa sahihi tayari. Akasema kuna vijana wanne wapya wanaanza wiki hii, wamemaliza shule, werevu lakini hawajui soko. Angependa Kamugisha awakalishe chini awafundishe jambo lile la Buguruni, hatua kwa hatua, kama alivyolieleza sasa hivi. Anaweza kuanza kesho?

Leodegar akasema anaweza.